Nilivyofundishwa helping verbs kwenye karasha, kwa malipo ya kikombe cha maziwa

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri, na wengine habari za mchana.

Kwanza mnisamehe kwa maandishi. Niliishia darasa la saba, naandika polepole, na kioo cha simu kimepasuka upande wa kulia, herufi za huko zinagoma. Mwandiko wangu wa mkono ni mbaya zaidi ya huu, kwa hiyo shukuruni mnasoma kwenye simu. Mkikuta neno limekosewa, lipiteni hivyo hivyo.

Nitakayoandika niliyaona mwenyewe. Pale ambapo sikuwepo nitasema sikuwepo.

Juzi kuna mwenzetu aliuliza humu helping verbs zinafanyaje kazi. Watu wakamcheka. Mmoja akamwambia arudi shule ya msingi, mwingine akambandikia orodha ndefu bila maelezo. Yule mwenzetu hakuandika tena.

Mimi ni mtu wa aibu. Huwa nasoma humu na kuondoka kimya. Lakini lile liliniuma, kwa sababu mimi helping verbs nilifundishwa vizuri, na aliyenifundisha ningependa ajulikane.

Aliyenionyesha jukwaa hili anaitwa Shija. Nitamfikia.

Kwa wasiojua, karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Pipa la chuma linazunguka na vyuma ndani yake, mawe yanaingia upande mmoja yanatoka unga. Unga ndio unapelekwa mwaloni, yaani sehemu ya kuoshea, dhahabu itengwe. Karasha ninayoisema ilikuwa upande wa Bukombe, ukishapita Ushirombo unaacha lami.

Pale kila mtu ni mweupe kwa vumbi la mawe. Kope nyeupe, nywele nyeupe, kijana wa miaka ishirini unaweza kumpa shikamoo kwa makosa. Ilishanitokea, na aliitika marahaba bila aibu.

Nyumbani tunafuga. Baba akikamua, mama anachemsha, mimi napakia madumu kwenye baiskeli na kuyapeleka karasha.

Sasa sikilizeni hili la maziwa maana ndilo kubwa kwenye uzi huu.

Pale kila mfanyakazi anajua kwamba ukimaliza zamu unakunywa maziwa, kwa sababu maziwa yanashusha vumbi. Hakuna anayefundishwa. Unaingia kazini unakuta watu wanakunywa, nawe unakunywa. Mwenye karasha, tulimwita Baba Kulwa, alikuwa anawanunulia vijana wake kikombe kimoja kila mtu kila siku. Watu walimsifu kwamba ni bosi mwenye utu, maana karasha ya jirani kila mtu alijinunulia.

Barakoa hazikuongelewa. Ukimuuliza kijana kwa nini hajifungi hata kitambaa, anakwambia kitambaa kinabana pumzi, na isitoshe maziwa yapo.

Baba Kulwa mwenyewe alikuwa anakunywa. Nasema hivyo msije mkamfikiria kuwa ni mtu mbaya.

Aliyenifundisha ni Mwalimu Deo, mmoja wa vijana wa pale, na alikuwa mwalimu kweli. Alisoma chuo cha ualimu, akamaliza, akasubiri ajira. Kwao ni Ushirombo, familia ya wakulima, watu wa kanisani. Alikuja karasha, akawa analala huko huko, akisema ni kwa muda tu, mpaka majina yatoke. Majina yakawa yanatoka na lake halimo.

Kazi yake ilikuwa kubeba mifuko, pamoja na Shija. Shija ni Msukuma mwenzangu, mtu wa utani, hawezi kukaa kimya hata akiwa na mfuko kichwani. Alikuwa akimwambia, "Mwalimu, nifundishe Kiingereza cha kuliambia jiwe litoe dhahabu." Mwalimu anamjibu kwamba mawe ya pale ni ya Kisukuma, aongee nayo mwenyewe.

Mimi nilikuwa na nia ya kufanya QT, ule mtihani wa watu ambao hawakupita sekondari. Nilikuwa na kitabu cha Kiingereza cha zamani, nakisoma nikiwa nimekaa kwenye dumu nikisubiri zamu iishe. Siku moja Mwalimu alikuja kuchukua maziwa yake akaniona nimekifunika kwa kanga. Akauliza nasoma nini. Nikataka ardhi inimeze.

Tukakubaliana hivi: nikimpa kikombe cha pili juu ya kile cha bosi, ananifundisha mpaka kikombe kiishe. Alikuwa anakunywa polepole makusudi.

Siku ya kwanza aliniambia niseme kwa Kiingereza kwamba nauza maziwa. Nikasema "I am sell milk."

Hakucheka. Shija alicheka ingawa naye hakujua kosa liko wapi.

Mwalimu akaeleza, na hapa mwenzetu uliyeuliza ndipo pako.

Alisema Kiswahili kinalibebesha neno moja kila kitu. Ninauza, niliuza, nitauza, nimeuza, siuzi. Kuna mtu, kuna wakati, kuna kukataa, vyote vimo ndani ya neno moja. Neno la Mwingereza halibebi mzigo wote huo. Akitaka kuuliza, kukataa, au kusema kwamba jambo linaendelea au limeshaisha, mara nyingi anaita neno jingine lisimame mbele ya lile la tendo, lilisaidie.

Akaonyesha kwa mkono pale kwenye mifuko. Mfuko wa mawe mtu hajitwishi peke yake, lazima awepo wa kumtwisha. Anayetembea na mzigo ni main verb. Anayemtwisha ni helping verb. Ukimwondoa mtwishaji, mzigo unabaki chini.

Kwa hiyo I am selling milk, am ndiyo msaidizi, selling ndiyo kazi. I have sold milk, yaani nimeshauza, msaidizi ni have. I will sell milk, yaani nitauza, msaidizi ni will.

Kosa langu lilikuwa kudhani am inatosha, halafu sell nikaiacha vilevile. Kila msaidizi, alisema, ana masharti yake kwa anayemfuata. Am, is, are zikikaa mbele kusema jambo linaendelea, sell inavaa ing. Have ikikaa mbele, sell inageuka sold. Will ikikaa mbele, sell inabaki kavu kama ilivyo. Can, must na should nazo ni hivyo hivyo, zinataka neno kavu. Usiseme must to go. Usiseme she can sells.

Niliandika hayo kwa kijiti kwenye vumbi, maana vumbi ndilo lilikuwa jingi.

Subirini kidogo wakuu, kuna mteja.

Nimerudi.

Somo lililonichukua muda ni la do, does, did. Did you sell milk? Nilikuwa nasema did you sold, kwa sababu ni jambo lililopita. Mwalimu alisema did ameshabeba wakati uliopita, sell iache ipumzike. Ukisema did you sold, watu wawili wamebeba mfuko mmoja na wataangushana. Vilevile she does not sell. Ile s imeshachukuliwa na does, usiirudishe tena kwenye sell.

Na akaongeza kwamba maneno mengine yana kazi mbili. I have milk, hapo have haimsaidii mtu, ina kazi yake mwenyewe ya kumiliki. I have sold milk, hapo inasaidia. Usiangalie sura ya neno, angalia nyuma yake kuna nani.

Wakuu, nilielewa. Mimi ambaye darasani nilikuwa nakaa nyuma nisiulizwe, nilielewa.

Sasa kifua.

Mwalimu alianza kukohoa wakati wa kiangazi. Wote pale wanakohoa, kwa hiyo haikuwa habari. Baadaye akawa akibeba mfuko anasimama njiani. Kisha akaacha kubeba akawa wa kuwatwisha wenzake. Shija akamtania kwamba sasa amekuwa helping verb kabisa. Mwalimu alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akakaa chini. Halafu hata kutwisha kukamshinda, akapewa sindano ya kushonea midomo ya mifuko.

Dawa ikawa ni ile ile. Waliniambia nimwongezee maziwa. Mama akisikia habari zake ananipa ya ng'ombe aliyezaa karibuni, kwamba ni mazito zaidi.

Siku moja alikohoa akatoa makohozi meusi meusi, kama unga wa mawe ukishalowa maji.

Wenzake walifurahi. Nakumbuka hilo vizuri kuliko mengine. Shija alimpiga bega, wakaja wengine kuangalia pale chini, wakasema sasa vumbi linatoka. Maziwa yamefanya kazi. Hata yeye Mwalimu aliangalia akasema afadhali. Baba Kulwa akamtuma mtu akalete samli, apewe ya moto, ili lililobaki lilainike litoke lote.

Siandiki hivi ili mtu alaumiwe, wala mimi sijilaumu. Kila aliyekuwa pale aliamini, aliyesoma na asiyesoma. Ukiona uchafu unatoka unafikiri ndani kunasafishika.

Lakini mimi moyo ulikuwa umeanza kukataa. Alikuwa amekonda, shingo imebaki mishipa. Nilitaka kumwambia aende hospitali, nikashindwa. Yeye ni mkubwa, ni mwalimu, ni mwanaume, na mimi ni msichana wa maziwa. Nilikuwa nikifika nalipanga neno, akisema mwangaluka, hiyo ni salamu yetu ya asubuhi, neno linapotea.

Siku aliyofundisha should, aliniambia nitunge sentensi. Nikasema bila kumwangalia, "You should go to hospital."

Akanywa funda la maziwa. Halafu akasema, "Sahihi kabisa. Should ipo, go imebaki kavu, hukuweka to katikati. Vizuri sana."

Nikafunika dumu.

Akaniambia kwamba kwenye kujibu, msaidizi anaweza kusimama peke yake, main verb isitajwe kwa sababu wote mnaijua. Akajibu, "I will."

Akamaliza maziwa, akarudi kwenye mifuko yake.

Hakwenda. Ilipokuja damu, Baba Kulwa alisema vumbi linakwaruza njia linapotoka. Wakamwamini. Nami siku hiyo sikuweza kurudi nyumbani na baiskeli moja kwa moja, nilipitia Ushirombo, nikauliza kwa kina Mwalimu Deo ni wapi, nikamwambia mama yake.

Mama Deo hakuniuliza mimi ni nani. Alivaa viatu. Kesho yake asubuhi tulimchukua mwanawe karasha tukampeleka hospitali ya Kahama kwa basi, yeye katikati, sisi pembeni.

Hospitalini daktari alikuwa mama mmoja mpole. Akauliza alikuwa anatumia dawa gani. Mama Deo akasema maziwa na samli. Daktari hakutukaripia. Alisema, "Mama, maziwa yanakwenda tumboni. Vumbi liko kwenye mapafu. Ni njia mbili, huko chini hazikutani."

Ni maneno mafupi. Mtoto wa darasa la tano anayajua, kuna picha yake kwenye kitabu cha sayansi, mimi mwenyewe niliichora. Na pale karasha hakuna hata mmoja aliyekuwa ameyafikiria.

Daktari akaeleza kwamba Mwalimu ana kifua kikuu, na hicho kinatibika akimeza dawa bila kuacha. Lakini chini yake kuna makovu ya vumbi la mawe, yamejaa pande zote mbili, na hayo hayafutiki kwa dawa yoyote. Angekuja mapema angeondolewa kwenye vumbi na mapafu yangebaki na nafasi. Sasa nafasi ilikuwa ndogo.

Mama Deo alikuwa amebeba chupa ya chai yenye maziwa. Nilimwona anaisukuma kwa mguu taratibu chini ya kitanda.

Nilikuwa naenda kumwona kila nilipopata nafasi, nalala kwa mama mdogo Nyasubi, hapo hapo Kahama. Mwalimu alikuwa anawekewa hewa kwa mpira. Kuongea kulikuwa kazi. Bado alitaka nimsomee sentensi, akinyanyua kidole maana yake sahihi, akikiacha maana yake rudia.

Mara ya mwisho kuongea naye alinivuta karibu. Akasema, "Mwambie Shija akapime." Akapumzika. Halafu akasema, "Usimwambie kwa Kiingereza."

Nikajua kwamba siku ile ya should alinielewa. Alikuwa amenielewa tangu mwanzo.

Alifariki wiki ile ile. Sikuwepo, alikuwepo mama yake.

Msiba ulikuwa kwao Ushirombo. Karasha nzima walikuja, wamenawa, nikashindwa kuwatambua wengine kwa sababu sikuwahi kuwaona weusi. Baba Kulwa alileta maziwa ya chai ya waombolezaji na mchele wa kutosha. Alilia kweli.

Baada ya mazishi wanaume walikaa pamoja, nami nilikuwa nawapelekea chai. Nikamsikia Baba Kulwa anawaeleza wenzake, kwa sauti ya mtu mwenye uchungu, "Hospitali walimkatisha maziwa. Hapo ndipo walipomwua."

Wakatikisa vichwa. Shija naye akatikisa kichwa, huku anakohoa kwenye ngumi.

Nilisimama na sinia. Nilikuwa na maneno ya daktari mdomoni, yote, kwa Kiswahili. Mzee mmoja akaniambia binti sogea, unaziba watu. Nikasogea.

Sikupeleka tena maziwa karasha. Nilimwambia baba kwamba sitaki, akakasirika, baadaye akaacha. Mahali pangu palipata mtu mwingine siku iliyofuata, na nasikia ana madumu makubwa kuliko yangu. Mimi nikahamia Nyasubi kwa mama mdogo, nina kibanda cha maziwa na chai karibu na soko, na jioni nasoma. QT nimeshajiandikisha.

Sasa ndiyo nafika kwa Shija.

Majuzi alikuja Kahama kununua vifaa vya karasha, akaniona, akafurahi, akakaa kwenye benchi kati ya wateja. Bado anatania. Ila alikuwa amekonda, na mishipa ya shingo ilikuwa imetoka kama nilivyoiona kwa mwingine. Akakohoa, akafuta mdomo, akaniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, nipe kikombe kikubwa, safari hii vumbi ni kali."

Nikamwambia, "Sikupi."

Benchi zima likanigeukia. Mama mdogo aliyekuwa jikoni akatoka kuangalia ni nani kaongea.

Nikamwambia, "Maziwa ni chakula, Shija. Yanakwenda tumboni. Hospitali iko hapo mbele, nenda kapime kifua, ukitoka njoo nitakupa bure."

Akacheka, akawauliza wateja kama wanamwona daktari wa Nyasubi. Wakacheka wote. Nikafuta mikono kwenye aproni. Nikamwambia kwamba si mimi ninayesema, ni Mwalimu aliyenituma, na nikamweleza ilivyokuwa pale kitandani.

Akaacha kucheka. Kisha akasimama akasema, "Nitaenda."

Hilo neno nilishalisikia.

Nilimwambia nifunge kibanda twende wote sasa hivi. Akasema kuna gari linamsubiri na vifaa. Akaondoka bila maziwa. Nikabaki na kikombe nilichokuwa nimeshakisafisha kwa ajili yake.

Tangu siku hiyo simu yake haipatikani. Mtu mmoja wa karasha alipita hapa akasema Shija kahamia Geita, kuna rashi mpya huko, yaani dhahabu imeonekana na watu wanaikimbilia. Mwingine akasema hajui.

Wakuu, funzo nililopata ni hili. Maziwa kunyweni, mimi mwenyewe nayauza. Ila hayashushi vumbi. Kama unafanya kazi kwenye karasha, au una ndugu huko, funga pua na mdomo kwa kitu cha maana, mwagia mawe maji kama bosi anaruhusu, na kikohozi kikizidi wiki mbili kapime makohozi. Yakitoka meusi usifurahi. Na kama una jambo la kumwambia mtu, mwambie kwa lugha ambayo hawezi kujifanya hakuielewa.

Wewe uliyeuliza helping verbs, rudi. Usiwajali waliokucheka. Pale ambapo sijaeleweka niulize, nitakujibu polepole kama kawaida yangu, na walimu mliomo humu mnisahihishe nilipokosea.

Wa karasha mnaosoma, niandikieni. Huko kwenu bado mnapewa maziwa? Kuna anayewaambia kitu?

Na wewe Shija, wewe ndiye uliyenionyesha humu ndani, na najua unasoma hata usipochangia. Sitaki maelezo. Kama ulienda, andika hapa chini "nimeenda". Kwa Kiswahili neno moja linatosha.

Kikombe chako nimekitenga.